Mabaki ya Mkonge Yasiwe Sumu, Yawe Riziki

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Moshi, akishaipita Hedaru, huingia katika nchi ya Makanya. Kuumeni mwake husimama milima ya Upare, na kilele cha Shengena, chenye zaidi ya mita 2,400, hujificha mawinguni. Kushotoni hutandaa nyika kavu iteremkayo kuelekea bonde la mto Pangani. Katika nyika hiyo mvua ni kiasi cha milimita 500 kwa mwaka, na iko miaka isiyofika hapo. Mahindi huungua yakiwa bado mafupi. Lakini mkonge husimama. Mistari yake imenyoka kama askari wa gwaride, na kwa muda mrefu imekuwa ndiyo mshahara, karo ya shule na chakula cha watu wengi wa pande hizo.

Hayo huonwa na kila mpita njia. Yasiyoonwa ni yale yaliyo nyuma ya korona. Korona, kwa wasiojua, ni mtambo ule upondao majani ya mkonge ili kuzitenga singa. Neno hilo lilikuwa la wafanyakazi wa mkonge miaka mingi kabla halijawa jina la maradhi. Jani huingia upande mmoja, singa zikatoka upande wa pili kwenda kuanikwa, na chini ya mtambo hutiririka uji wa kijani, yaani nyama ya jani iliyopondwa pamoja na maji yenye povu. Singa hupimwa, hufungwa robota na kusafirishwa. Uji ule hakuna aupimaye.

Leo sisi twataka kuupima. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kama kilo 4 tu. Maana yake ni kwamba tani 1 ya singa hupatikana kwa tani 25 za majani, na tani 24 zilizobaki hutupwa, bila kuhesabu maji ya kuoshea. Mwaka 1964, nchi yetu ilipofikia kilele cha zao hili, zilipatikana tani zipatazo 230,000 za singa. Mwenye kupenda hesabu na apige: mabaki ya mwaka ule mmoja yalizidi tani milioni tano. Tukaziimba zile tani laki mbili na ushei kwa haki, kwa kuwa zilijenga nchi. Lakini zile milioni tano tulizisahau, nazo hazikutusahau.

Historia ya mkonge katika nchi hii ni historia ya jasho. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika pwani ya Tanga iliyo hai 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoenea Tanga, Morogoro na Kilimanjaro. Wazee wetu waliitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba kama vile robota zihesabiwavyo. Baada ya Uhuru, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashamba mengi yalitwaliwa na taifa. Kisha bei ya dunia ikaanguka kwa ajili ya nyuzi za plastiki, mashamba mengi yakaota vichaka, na katika miaka ya 1990 yakaanza kuuzwa kwa watu na makampuni. Sasa dunia imeanza kuichoka plastiki, na mkonge umeanza kuitwa tena. Tumehimizwa tupande zaidi, nasi twaunga mkono. Lakini anayehimiza singa ziongezeke mara mbili ajue kwamba amehimiza na mabaki yaongezeke mara mbili.

Je, mabaki hayo yana ubaya gani? Wafanyakazi wa korona hawahitaji kuelezwa, maana ngozi zao zinajua jinsi maji ya mkonge yawashavyo. Kwa wengine twaeleza kwa ufupi. Kwanza, maji hayo ni makali kwa asidi. Pili, yana vitu viitwavyo saponini, ambavyo ndivyo vitoavyo povu lile kama la sabuni, na ambavyo huwadhuru samaki. Tatu, yamejaa sukari na vyakula vingine vya vijidudu. Yakiingia mtoni, vijidudu huzaliana, huimaliza hewa iliyomo majini, na kila chenye kuvuta hewa humo hufa. Nayo nyama ya jani, ikilundikwa mlima juu ya mlima pasipo kupitiwa na hewa, huoza vibaya, hunuka, na hutoa gesi ya methani ambayo huongeza joto la dunia. Hatumnyoshei kidole mwenye shamba yeyote kwa jina. Twasema juu ya desturi iliyorithiwa tangu ukoloni, ya kwamba kazi ya shamba huishia pale singa inapofungwa robota.

Katika nchi yenye maji tele, desturi hiyo ni aibu. Katika Makanya ni hatari. Watu wa bonde lile huishi kwa maji ya kuhesabu. Wapare walichimba ndiva milimani tangu zamani za mababu, wakakusanya usiku maji ya vijito ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu kwenda mashambani. Huku chini Makanya, mkulima hungoja mafuriko yateremkayo kutoka mlimani, akayaelekeza shambani mwake kwa mifereji. Mtu ambaye baba yake alipigania zamu ya saa mbili za maji ya ndiva hawezi kuambiwa kwamba mto ni jalala.

Basi dawa ni nini? Watu wengi wakisikia neno kuvu hukunja uso, kwa kuwa hulijua kwa mkate ulioharibika na mahindi yaliyooza. Lakini ni kuvu zilizo kazini kila siku msituni, zikigeuza magogo na majani makavu kuwa udongo. Kuvu haina mdomo wala tumbo. Hula kwa kumwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, navyo hukimega chakula kilipo, kisha yenyewe huvuta kilichokwisha kumegwa. Ziko kuvu, na uyoga wa mamama ni mmoja wa jamii hiyo, ambazo vimeng'enya vyake vina nguvu ya kumega hata lignini, kile kitu kigumu kinachoufanya mti uwe mti. Na kwa kuwa vimeng'enya hivyo havichagui sana, humega pia sumu nyingi zilizofanana na lignini kwa umbile. Mwaka 1985 wanasayansi wa Marekani walionesha kwamba kuvu mojawapo ya aina hiyo iliweza kuivunja hata DDT. Ikiwa kuvu yaiweza DDT, haishangazi kwamba yaweza kuyashughulikia mabaki ya jani.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam kimelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2008 Dakta Mshandete na mwenzake Cuff walitangaza matokeo ya kuotesha aina tatu za uyoga wa porini wa nchi hii juu ya mboji ya mabaki ya mkonge, na zote tatu ziliota. Mwaka 2009 Muthangya, Mshandete na Kivaisi walitangaza jambo jingine kubwa. Waliyaachia mabaki ya mkonge kuvu moja kwa siku nne, kisha wakaifuatishia kuvu ya pili kwa siku nane, na baada ya hapo wakayatia katika mtungi wa kuzalishia gesi. Gesi ya methani iliyopatikana ilikuwa maradufu ya ile itokayo kwa mabaki yasiyotayarishwa. Kuvu zilikuwa zimekwisha kufanya kazi ngumu ya kutafuna, na vijidudu vya gesi vikakuta chakula kimekwisha kulainika.

Gesi hiyo nayo si ndoto. Pale Hale, wilayani Korogwe, katika mwongo wa kwanza wa karne hii, kilijengwa kituo cha kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge, chenye uwezo wa kilowati 150, kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Dunia ilikuja Tanga kujifunza. Lakini tangu siku hiyo mashamba mangapi yamefuata? Twauliza swali hilo bila hasira, ila twataka jibu.

Na kabla ya wataalamu wote hao, walikuwako wafanyakazi wenyewe. Juu ya malundo ya zamani ya mkonge huota uyoga mwembamba wenye kofia ya kijivu, uitwao na wengi uyoga wa mkonge. Huchumwa alfajiri ungali mchanga, maana ukichelewa hufunguka, huwa mweusi na kuyeyuka kama wino siku hiyo hiyo. Akina mama wa kambi za mkonge wameuchuma na kuutia chunguni muda mrefu kabla vitabu havijauandika. Uyoga huo ni shahidi. Watuambia kwamba lundo tulilolidhani ni takataka tu lilikuwa limekwisha kuanza kujisafisha lenyewe, na kwamba kazi yetu ni kulisaidia kwa mpango badala ya kuliacha lihangaike miaka kwa miaka.

Maarifa haya hayakomei kwenye mkonge. Kaskazini mwa Msumbiji na katika Uganda, akina mama hulundika mihogo michungu mpaka ikaota ukungu, kisha huukwangua na kuianika. Watafiti wa miaka ya 1990 walipoipima waliona kwamba sumu yake ya sianidi ilikuwa imepungua sana. Kule Brazil, wataalamu wameotesha kuvu juu ya maganda ya kahawa, na kafeini na tanini zinazoyafanya yasifae kwa mifugo zikapungua. Na juu ya milima hiyo hiyo ya Upare hulimwa kahawa, na maganda yake hutupwa kando ya vijito. Tena, mashudu ya mbono kaburi, ambayo ni sumu kwa wanyama, yamejaribiwa kwa uyoga huko huko Brazil na sumu yake ikashuka. Mambo haya yote ni ya namna moja: sumu iliyotengenezwa na mmea kwa kujilinda huvunjwa na kiumbe ambaye riziki yake ni kuila mimea iliyokufa.

Lakini gazeti lisilosema upande wa pili ni gazeti la kuwapotosha watu. Kuvu zina mbili. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Hivyo asitokee mtu akachukua lundo lolote lenye ukungu, akamlisha ng'ombe wake, akasema gazeti limeruhusu. Kazi hii inataka mbegu safi ya kuvu inayojulikana jina lake. Inataka mabaki yachemshwe kwa mvuke au yaivishwe kuwa mboji kwanza, ili kuvu mgeni asiwahi kuota. Na inataka kipimo cha maabara kabla ya kitu chochote kuwa chakula cha mtu au mnyama. Nao wafanyakazi katika nyumba za uyoga wawe na vitambaa vya kuziba pua, kwa maana vumbi la mbegu za uyoga likivutwa kila siku huumiza mapafu. Tumekwisha kuona viwanda vilivyosafisha mto vikachafua vifua vya watu. Hatutaki kimoja zaidi.

Wako watakaosema kwamba Makanya ni kame na joto lake halifai uyoga. Twawajibu kwamba aina zilizojaribiwa na Chuo Kikuu hazikuwa za theluji; uyoga wa mkonge wenyewe hupenda joto la lundo, na ule mwingine wa vifuko, uoteshwao sana huko Asia juu ya majani ya mpunga, hustawi katika joto la nyuzi 30 na zaidi. Na juu ya maji, mabaki ya mkonge hutoka koronani yakiwa yamelowa. Maji hayo hayo yaliyokuwa yakipotea bondeni ndiyo yatakayoanza kazi, na yatakayoongezwa ni kidogo yakilinganishwa na yale ya kuoshea singa.

Wako pia watakaosema kwamba gharama ni kubwa na bei ya singa haitabiriki. Ni kweli kwamba bei haitabiriki. Sisi tulioyaona mashamba yakigeuka vichaka hatuwezi kulikana neno hilo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutotegemea kilo 4 peke yake na kutupa kilo 96. Shamba linalouza singa, likajipatia umeme wake, likauza uyoga na likarudisha mboji mashambani, lina miguu minne. Moja ikiteguka, halianguki. Na kwa upande wa gharama, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kulikata shauri hilo, kwa kuweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Gharama ipo sikuzote. Swali ni nani ailipe: mwenye faida, ama mvuvi na mkulima wa chini ya mto ambaye hakuuza hata uzi mmoja.

Hapa twafika penye kiini cha maneno yetu. Takataka haina mwenyewe mpaka siku inapokuwa na bei. Leo mtu yeyote aweza kwenda kuchukua toroli la mabaki akaambiwa ahsante kwa kupunguza uchafu. Kesho, mabaki yakianza kutoa umeme na chakula, litajengwa ua, na mama yule aliyechuma uyoga miaka thelathini ataitwa mwizi. Jambo hilo tulizuie kabla halijatokea. Mapatano juu ya mabaki yaandikwe sasa, wakati bado hayana thamani machoni pa wenye fedha, kati ya wenye mashamba, vyama vya wafanyakazi na halmashauri za vijiji.

Basi sisi twatoa mashauri manne.

Kwa Serikali: leseni ya kila korona mpya, na ya kila korona itakayofufuliwa, iambatane na mpango wa mabaki wenye tarehe na vipimo. Kituo cha utafiti cha Mlingano, ambacho kimeutumikia mkonge tangu miaka ya 1930, kipewe kazi na fedha ya kutunza mbegu safi za kuvu na kuzigawa, kama vile kigawavyo elimu ya miche. Utafiti wa Chuo Kikuu umekaa majaridani vya kutosha. Ushuke sasa mpaka koronani.

Kwa wenye mashamba: waanze na kidogo. Hatudai mtambo wa mamilioni kesho asubuhi. Banda moja, shimo moja la mboji lililosakafiwa ili maji yasivuje, na mabaki ya siku moja ya juma: hilo laweza kuanzwa na shamba lolote, na hesabu yake ioneshwe wazi.

Kwa wafanyakazi: ninyi ndio mnaojua lundo lipi huota uyoga na lipi hunuka tu, na maji huelekea wapi mvua inaponyesha. Maarifa hayo ni mali. Yapelekeni katika mikutano ya chama chenu cha wafanyakazi, mdai vifaa vya kujikinga na mafunzo, na mdai fungu lenu katika kila kitakachouzwa kutokana na mabaki.

Kwa wanachama wa matawi yote ya Same, kutoka Hedaru mpaka Makanya na juu milimani: msingoje barua kutoka mjini. Wapare wana neno zuri, msaragambo, kazi ya wote kwa faida ya wote. Ndiva zilichimbwa kwa msaragambo, na hakuna mhandisi wa kigeni aliyeitwa. Akina mama wakiungana kwa ushirika wao kuomba mabaki kwa maandishi, vijana wakijenga banda la makuti na udongo, na mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani akisaidia kutunza mbegu, hapo patakuwa mwanzo.

Mababu wa Makanya waliyatazama maji yaliyokuwa yakipotea usiku, wakasema yasipotee, wakajenga ndiva. Sisi tumerithi ndiva zao na tumerithi malundo ya mkoloni. La kwanza tumelitunza, ijapokuwa kwa taabu. La pili yatupasa tuligeuze, ili mtoto atakayezaliwa nyuma ya korona aone mahali pa kazi na chakula, na maji yatokayo hapo yaweze kunywewa na mbuzi bila mwenyewe kukimbia kumfukuza.